Amani wa Kiume, Amani wa Kike

Asalamu aleikum, na wale wa salamu nyingine, habari za jioni.

Nianze na mpwa wangu. Anaitwa Amani, jina la marehemu baba yangu. Kwa hiyo mama yake, yaani dada yangu, hajapata kumwita Amani hata siku moja, humwita Baba. Miaka kadhaa iliyopita kijana alipata kazi Muscat. Akafika usiku na mabegi yake mawili, akakuta jina lake kwenye orodha ya vyumba, jengo la wanawake. Msimamizi akaitazama karatasi, akamtazama yeye na ndevu zake, akarudi kwenye karatasi. Simu ikanilia: "Mjomba, wamenipanga na akina dada." Usiku ule alilala kwenye kochi la mapokezi.

Nilicheka, kisha nikamtetea karani. Jina alilipokea kwa herufi za Kirumi, akalirudisha kwenye Kiarabu kama Mwarabu yeyote angefanya: akamalizia kwa yaa, ile herufi inayosomeka i. Na Amani yenye yaa mwishoni, iwe Oman, Misri au Jordan, ni jina la mwanamke. Tena halina habari ya utulivu wala ya vita kwisha. Ni matamanio, yale ambayo moyo unayaomba.

Amani yetu sisi ina ukoo mwingine. Imetoka kwenye amaan, yaani usalama, kukaa bila hofu. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, hamza, mim na nun, huohuo uliotupa imani, amana na amini. Kiarabu chenyewe kinaishia kwenye nun. Lakini ulimi wa Mswahili haupendi kuliacha neno likining'inia kwenye konsonanti: Said tukamfanya Saidi, Khamis akawa Hamisi, na amaan ikawa amani. Hiyo i ya mwisho kwetu ni egemeo la ulimi tu, haina maana yoyote. Ndiyo iliyomlaza mpwa wangu kwenye kochi.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema jina hili la kike tumelifanya la kiume, au kinyume chake, sikubali. Ni majina mawili, kila moja na kwao, yamekutana njiani yamevaa kanzu moja.

Kwamba pwani lilikuwa la wanaume tangu zamani, ushahidi tunao hapahapa Zanzibar. Mzee Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905. Mnajua tunavyopanga majina: lako, kisha la baba. Huyo Amani basi ni baba yake, mtu wa karne ya 19. Naye Mzee akamrudisha babu kwa mwanawe, Amani Abeid Karume, aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Na uwanja wetu wa mpira uliofunguliwa 1970 unaandikwa Amaan, a mbili na i hakuna. Ukitaka kuona neno kabla hatujalitia irabu, kasome ukutani pale.

Sasa, hapa ndipo penye utamu. Jina likirithiwa kutoka kwa babu, linabaki kwa wajukuu wa kiume, hakuna anayeuliza. Lakini mzazi akiliokota kwenye lugha kwa ajili ya maana yake, kizuizi kinaondoka. Ndivyo ilivyokuwa bara, na ndivyo ilivyo Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako watoto huitwa Amani, Furaha, Bahati, Riziki. Maana haina jinsia, na sarufi yetu haikusaidii: "Amani amefika", nani kafika? Hata "Ndugu Amani" kwenye barua haisemi. Ila si kila jina la namna hiyo lilifunguka. Neema na Upendo wamebaki mabinti. Baraka ni mvulana, ingawa kwa Waarabu neno baraka ni la kike kisarufi! Sababu yake ni mazoea tu, na mazoea hayaombwi risiti.

Marekani ni kisa kingine. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na kanuni saba zenye majina ya Kiswahili. Ya mwisho ni Imani, na huko Imani ni binti zaidi. Amani je? Mmoja, Amani Toomer, aliyezaliwa 1974, alikuwa mwanamume wa miraba minne akidaka mipira ya New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani. Lakini wahamiaji wa Kiarabu huko nao wana mabinti zao, akina Amani wa yaa. Mwalimu akiita mahudhurio, wanaitika wote wawili.

Mpwa wangu siku hizi anajiandika Aman, i ameiacha uwanja wa ndege. Mdogo wake wa kike naye alijifungua mtoto wa kike Dar es Salaam, akampa jina la babu: Amani. Juzi nilikuwa kwao. Dada yangu alikuwa jikoni, akaita, "Baba! Njoo ule!" Kakimbia katoto ka gauni la maua, kana riboni mbili kichwani, kanaitika.