Kukadiria Idadi ya Wanyama kwa Beseni la Maharage

Ndugu watazamaji, karibuni. Nipo Kigoma, na mbele yangu mezani kuna beseni la maharage niliyonunua asubuhi katika soko la Mwanga. Tutayatumia kujifunza namna ya kukadiria idadi ya wanyama ambao hatuwezi kuwaona wote, kisha tutatazama namna ya kujua ni wangapi wanaobaki hai kati ya safari moja ya utafiti na nyingine. Nimechagua maharage kwa sababu hayakimbii, na kwa sababu mwisho wa zoezi tunaweza kuyahesabu yote na kujua kama hesabu yetu ilitudanganya, nafasi ambayo porini hakuna anayeipata.

Andaeni daftari, kikokotoo na chupa ya rangi ya kucha. Choteni punje 60 bila kuchagua, mpake kila moja doa, msubiri likauke, kisha mzirudishe beseni na kuchanganya kwa mikono yote miwili hadi chini kabisa. Nasisitiza hadi chini, maana mara yangu ya kwanza nilikoroga kwa kijiko mara mbili tu, na hasara yake mtaiona baada ya muda mfupi.

Sasa fumbeni macho mchote punje 80, kisha mhesabu zenye doa. Mimi nimepata 12. Kumi na mbili katika 80 ni asilimia 15. Kwa hiyo tunachukulia kwamba zile 60 tulizozipaka nazo ni asilimia 15 ya beseni zima. Zidisheni 60 kwa 80, mgawanye kwa 12, jibu ni 400. Njia hii huitwa kwa majina ya Petersen, mtaalamu wa samaki wa Denmark wa mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani, ambaye mwaka 1930 aliitumia kwa bata waliovishwa pete. Sampuli zikiwa ndogo, jibu lake huelekea kuzidi ukweli, na ndiyo maana wengi hufuata marekebisho ya Chapman ya mwaka 1951: ongezeni moja kwa kila namba kabla ya kuzidisha na kugawanya, kisha mwishoni mtoe moja. Tunapata 61 mara 81, gawanya kwa 13, toa moja, yaani 379.

Msiishie hapo, kwa sababu namba iliyosimama peke yake haisemi inaweza kukosea kwa kiasi gani, na mimi ripoti ya namna hiyo huiweka pembeni. Zidisheni 61 kwa 81, kwa 48 ambazo ni punje zenye doa zilizobaki beseni, kwa 68 ambazo ni punje zisizo na doa mlizochota. Gawanyeni kwa 13 mara 13 mara 14, kisha mtafute kipeuo cha pili. Jibu ni karibu 83. Mara mbili yake hivi, kwa usahihi 1.96, ni 162, kwa hiyo tunasema idadi iko kati ya 217 na 541. Beseni hili nililihesabu kabla ya kuwasha kamera, nalo lina punje 412. Zimo ndani ya masafa, ingawa masafa yenyewe ni mapana kama ziwa. Yapunguzeni kwa kuongeza kazi: nilipopaka 120 na kuchota 160, nikapata 47 zenye doa, makadirio yakawa 405, na masafa yakashuka hadi kati ya 331 na 479.

Turudi kwenye kijiko. Siku ile punje zenye doa zilibaki juu, nikachota 20 badala ya 12, na hesabu ikatoa 234. Porini kijiko hicho kina sura nyingi. Panya wa shambani aliyeonja chambo mtegoni hurudi mwenyewe, na makadirio yanashuka. Aliyeogopeshwa haonekani tena, nayo yanapanda. Tagi ya sikio, yaani alama anayovishwa mnyama badala ya doa letu, ikidondoka yanapanda vilevile. Kumbukeni pia kwamba kumkamata mnyamapori kwa utafiti kunahitaji kibali, na kwamba sokwe wa Gombe hawahitaji tagi, kwa kuwa watafiti huwatambua kwa sura.

Sasa kuhusu kubaki hai. Hapa mnahitaji safari tatu au zaidi, na njia iliyowekwa na Cormack mwaka 1964, kisha Jolly na Seber mwaka 1965. Chukueni mfano huu. Safari ya kwanza mmewaachia panya 50 wenye tagi. Safari ya pili 20 kati yao wamenaswa. Mmeongeza wapya 30, mkaachia 50 kwa jumla. Safari ya tatu, kati ya hao 50, wamenaswa 25, na pamoja nao wamenaswa 10 wa safari ya kwanza ambao safari ya pili hawakuonekana kabisa. Hao 10 ndio ufunguo. Kwa kuwa nusu tu ya walioachiwa safari ya pili ndio wameonekana tena, basi 10 wanawakilisha 20 waliokuwa hai bila kunaswa. Jumlisheni na 20 walionaswa, mnapata 40 kati ya 50, yaani 0.8. Ambaye angegawanya 20 kwa 50 moja kwa moja angetangaza kwamba zaidi ya nusu wamekufa. Safari zikizidi tatu, kazi hii iachieni R, programu ya kompyuta ya takwimu, ambayo ni ya bure.

Hata hivyo, hesabu haimtofautishi aliyekufa na aliyehama. Katika sokwe, majike wengi wakipevuka huhamia kundi jingine, na anayesubiri kuwaona palepale atawaandika marehemu. Kwa hiyo juu ya safu yenye ile 0.8 andikeni "waliobaki hai na kubaki eneoni", na pembeni yake mwandike ukubwa wa eneo mlilotega na idadi ya siku kati ya safari na safari.