Kosa la Desemba, Darasa la Januari

Mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi wenzangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumzie uonevu wa mitandaoni, tena kwa ufupi, maana wengine mna mabasi ya kuwahi.

Nianze na ninyi walimu. Shule hii, kama sekondari nyingi nchini Tanzania, hairuhusu mwanafunzi kuwa na simu. Vizuri. Lakini sheria yenu inahusu kifaa, haigusi tabia. Wiki ijayo watoto wanafunga shule, na kila mmoja anaikuta simu nyumbani: yake, ya dada, au ya mama iliyoachwa kwenye chaji. Kosa linatendeka Desemba, madhara yanaingia darasani Januari, halafu tunaambiwa, "Hilo lilitokea nje ya shule." Aliyetendewa na aliyetenda wanakaa dawati moja!

Kuna binti wa kidato cha tatu, shule siitaji. Siku ya mahafali alisinzia kwenye benchi, mdomo wazi, mwenzake akampiga picha kwa simu ya mgeni. Likizo ilipoanza, kijana mmoja akaikata ile picha, akaigeuza stika ya WhatsApp. Mnaijua stika: ukiipokea unaihifadhi, unaitumia utakavyo, na hakuna tena anayeuliza nani aliitengeneza. Mtu akichelewa kujibu kwenye grupu la darasa, anatumiwa ile sura. Mtu akisema amechoka, ile sura. Na binti mwenyewe yumo humo humo. Alichofanya ni kutuma kile kikatuni cha kucheka hadi machozi, asije akaambiwa ana hasira. Mama yake akimwona kochini anafikiri mwanangu anafurahi na wenzake. Shule zilipofunguliwa, kila Jumapili jioni tumbo linauma. Zahanati wakapima malaria, wakapima taifodi, hamna kitu.

Ukilipitia grupu lile kutafuta tusi, hupati hata moja. Ndiyo maana mzazi akionyeshwa husema, "Mbona ni utani tu?" Utani unajulikana kwa jambo moja: anayetaniwa anaweza kurudisha, na akisema basi, inakuwa basi. Binti yule angesema basi kwa nani, kwenye grupu la watu sitini?

Sisi wa pwani vijembe havikuanza jana. Mtu alitafuta kanga yenye jina la kuchoma, akajifunga, akapita nayo mlangoni kwa mbaya wake. Mwenzake naye akatafuta kanga ya kujibu. Lakini jioni kanga ilirudi ndani. Kijembe cha status kinakaa saa 24, na kabla hazijaisha kimeshapigwa skrinshoti na watu ambao ugomvi hauwahusu.

Sasa wazazi. Watoto hawasemi, na nikiwauliza kwa nini, jibu ninalolisikia zaidi ni hili: "Nitanyang'anywa simu." Wengine huongeza, "Baba atanichapa, ataniuliza na mimi nilikuwa nafanya nini humo." Kwa hiyo usiku ule mtoto anapokuja kukuambia, neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atakuja tena. Ukichukua simu umemwadhibu aliyeonewa, na wenzake wote wamejifunza kunyamaza.

Kaa naye. Hifadhini ushahidi kabla ya kumjibu mtu yeyote, kwa sababu mtumaji anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, na status inapotea yenyewe. Piga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na saa. Usimpigie mzazi wa yule mwingine ukiwa na hasira saa nne usiku. Mtatukanana ninyi wakubwa, na kesho watoto watakuwa na stika mpya. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp, mchague ni nani anayeweza kumwingiza mtoto kwenye magrupu. Ni kazi ya dakika moja.

Picha ya utupu ni habari nyingine kabisa. Hiyo usiipige skrinshoti, usimtumie mwalimu "kama ushahidi", usimtumie shangazi. Kumtumia mwingine picha hiyo ya mtoto ni kuisambaza. Andika nani, lini, wapi, uende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2023, kwa walio chini ya miaka 18. Simu inatengeneza alama ya kuitambua picha, kama alama ya kidole, picha yenyewe haitoki mikononi mwako, na mitandao iliyojiunga, kama Instagram na TikTok, inaitumia alama ile kuiondoa. Haiwezi kufika kwenye jumbe za WhatsApp. Ukitaka ushauri tu, namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Na mzazi wa anayeonea? Naye yumo humu ukumbini, ila hajijui. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mimi sishabikii kupeleka watoto mahakamani kwa ajili ya stika. Lakini kumbukeni laini anayotumia kijana wako imesajiliwa kwa NIDA yako, yaani kitambulisho chako cha taifa, na kidole chako. Namba ikifuatiliwa, jina la kwanza kuonekana ni lako.

Walimu, namalizia kwenu. Januari msiliseme jambo hili mstarini. Mkilitangaza pale, mia mbili waliokuwa hawajaiona ile picha wataitafuta. Msiwaite wote wawili ofisini wapeane mikono mbele ya walimu, kwa sababu aliyeonewa atakubali chochote ili atoke mle ndani. Zungumzeni na kila mmoja peke yake. Kisha muiteni admini wa grupu, ambaye WhatsApp imempa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote mle, mumuulize kwa nini hakuutumia. Mara nyingi ni kiranja.

Naona mzazi pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja NIDA. Karibu, mama.