Mawe kwanza, samaki baadaye

Zuhura: Karibuni, tuko Malindi, na leo Kassim ana kesi ya nyumbani kwake.

Kassim: Dada Zuhura, nina samaki waitwao lochi wa vijito vya milimani, aina tatu ndani ya tangi moja: Sewellia lineolata wa Vietnam, Gastromyzon wa Borneo na Beaufortia wa kusini mwa China. Kila jioni ni ugomvi.

Zuhura: Wanaumana?

Kassim: La. Mmoja humpanda mwenziwe mgongoni, akataka kumfunika mwili mzima. Wanasukumana, wanazunguka, mpaka mmoja ahame.

Zuhura: Basi wanagombea mahali pa kula. Kwa msiowajua, ni samaki bapa, wadogo wadogo kama mtoto wa samaki taa. Watu hapa wakiwaona husema, "Aa, chazo!" Lakini chazo hunata kwa kichwa. Hawa hunata kwa tumbo, mapezi ya kifuani na ya tumboni yametandazwa pande zote, ndiyo maana maji ya kasi hayawang'oi. Kazi yao ni kukwangua ukoga wa kijani juu ya mawe. Una mawe mangapi mbele ya pampu?

Kassim: Moja. Kubwa, laini, zuri sana.

Zuhura: Moja, kwa aina tatu! Tafuta mengine kumi, laini hivyo hivyo, uyatawanye, mengine kwenye mkondo, mengine pembeni. Na utenge mengine uyaweke kwenye beseni la maji, nje juani, yaote ukoga. Yakiwa tayari, unabadilishana na yale yaliyokwanguliwa. Mimi hilo limenisaidia kuliko chakula chochote cha dukani.

Kassim: Beaufortia wangu mmoja tumbo limebonyea. Nalimwona aliponata kiooni.

Zuhura: Huyo hashibi, wenziwe wanamfukuza. Mpe mchicha uliochemshwa kidogo, uweke mbali na wale wababe. Na kila aina una wangapi?

Kassim: Wawili wawili. Nilitaka kuongeza Sewellia wa aina nyingine, yule wa madoadoa.

Zuhura: Hapo nakukataza, mdogo wangu. Ndugu wa karibu namna hiyo wanaweza kuzaana, ukapata vitoto vya mchanganyiko usivyoweza kumpa mtu kwa jina la haki. Afadhali uongeze wa aina uliyonayo, wafike watano au sita. Wakiwa kundi, ubabe hugawanyika, haumwangukii mmoja. Lakini usinunue hata mmoja kabla hujaniambia joto la maji yako.

Kassim: Kaskazi hii, adhuhuri, nyuzi 29.

Zuhura: Ya Rabi. Wao wanataka 20 hadi 24. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya 30 hubeba kama 7.5 tu. Unawapunguzia pumzi, halafu unawashangaa wakigombea jiwe lililo mbele ya pampu?

Kassim: Kumbe ndiyo sababu hawaondoki pale.

Zuhura: Ukoga na pumzi, vyote viko pale. Weka feni ipulize juu ya maji, na badala ya kifuniko weka wavu, maana hawa hupanda kioo mpaka juu. Unyevu wa hewa yetu utapunguza nguvu ya feni, kwa hiyo adhuhuri tia chupa ya barafu iliyofungwa, moja moja, maji yasishuke ghafla. Na stima ikikatika?

Kassim: Pampu inazima.

Zuhura: Basi pampu ya hewa ya betri ndiyo ununue mwezi huu.