Mashine ya Kusaga Ndani ya Modeli ya Gridi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na mashine ya kusaga. Aliyewahi kupanga chumba jirani na mashine, Kizota au Kibaigwa, anajua: ikiwashwa tu, taa inafifia sekunde mbili tatu, kisha inarudi. Mota inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika mwendo. Volteji lazima ishuke.

Sasa izidishe mota hiyo. Weka pampu za visima vya Makutupora zinazolinywesha jiji hili, weka mashine za kukamua alizeti, weka viyoyozi vya maofisini. Itokee hitilafu kwenye njia kubwa ya umeme, volteji ianguke kwa nusu sekunde. Mota zote zinapungua mwendo pamoja, na zote zinataka kuurudia pamoja. Zinavuta mkondo mwingi, na mkondo huohuo ndio unaoizuia volteji kupanda. Hitilafu imeshaondolewa, lakini mji unaweza kuzimika kwa sababu ya mzigo wake wenyewe, yaani vifaa vyake vyote vinavyovuta umeme!

Usiku wa manane mambo yanageuka. Njia ya Iringa hadi Shinyanga, inayopita hapa Dodoma na Singida, ilijengwa kwa msongo wa kilovoti 400 na ina urefu wa karibu kilomita 670. Watu wakilala na mashine zikizimwa, njia ndefu namna hiyo hugeuka kama kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, na volteji ya mwishoni hupanda kuliko ya mwanzoni. Ni athari ya Ferranti, na ndiyo sababu ya kufunga riakta, yaani koili kubwa za kuizuia volteji isipande, kwenye vituo vya kupoza umeme.

Hatuwezi kuizima Dodoma ili tujaribu nadharia zetu, kwa hiyo tunatengeneza kwenye kompyuta modeli ya gridi, yaani mfano wa mtandao mzima wa umeme. Upande wa mitambo ya kuzalisha umeme hatuna shida kubwa. Kituo cha Mtera kina mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja, na vipimo vya mtambo huja na mtengenezaji wake. Njia nazo, urefu na unene wa waya vinajulikana. Mzigo ndio unaoniuma. Mwanafunzi anachukua namba za mzigo za kitabuni, zilizopimwa Marekani au Ulaya, anazipachika Kongwa, na modeli inakubali kila kitu! Gridi ya kweli haitakubali.

Wanafunzi wa uzamili, nawaomba mtoke. Ombeni kibali, mfunge vifaa vya kupimia kwenye transfoma inayolisha mashine za nafaka, na mvipate vyenye kunasa kila wimbi, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Kipimo kinachoandika wastani wa nusu saa hakitufai kwa kazi hii, maana nusu saa inazifuta kabisa zile sekunde mbili ambazo taa ya jirani ilififia. Anzeni Kibaigwa, mahindi yakishaingia sokoni.