Kofia ya Marehemu

MWANAIDI: Haya, tumerudi. Masanja, kabla sijasalimia watu, vua hiyo kofia.

MASANJA: Siivui.

MWANAIDI: Wasikilizaji, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Anachokataa kuvua ni baraghashia ya baba yangu mkubwa, tuliyemzika Kisarawe wiki hii. Jumamosi tumeanua matanga, mtani wangu huyu akaondoka nayo kichwani mpaka Dar.

MASANJA: Nimeichukua kwa haki. Mnaitaka, ikomboeni.

MWANAIDI: Tutafika huko. Leo tulipanga kuzungumzia nadharia ya dhima, yaani mtu au nchi inavyopata kazi ya kucheza mbele ya wengine, na nina mambo matatu nimeyaandika hapa ambayo nataka mtu aondoke nayo. Lakini anza na ya Jumamosi, maana ndiyo iliyotuleta kwenye mada.

MASANJA: Mimi nilikwenda kama rafiki wa familia. Shati jeusi, nimekaa kwenye jamvi na wanaume, nimeinama. Nina huzuni ya kweli, kwa sababu wewe nakujua na nilikuona ulivyolia. Mara akatoka bibi mmoja uani, ana upawa mkononi, akanitazama. Akasema, "Huyu si Msukuma huyu? Mbona amekaa kama mfiwa?"

MWANAIDI: Bibi Mwajuma huyo. Hakosei kabila la mtu.

MASANJA: Watu wote wakageuka. Akaniambia, "Mwanangu, kazi yako imelala tangu juzi, inuka." Mimi nimezaliwa Mwanza mjini, nimekulia Temeke. Utani naujua wa maneno, wa ofisini, wa kwenye daladala. Wa msibani sijawahi kuufanya. Lakini pale hakuna aliyeniuliza kama najua.

MWANAIDI: Kwa wasiojua: Wazaramo na Wasukuma ni watani, na Wanyamwezi vilevile. Wazee wanasema ni mambo ya misafara, wapagazi walikuwa wanapita Uzaramo kwenda na kurudi pwani, wanalala, wanakula, wengine wanafia njiani na kuzikwa na wenyeji. Na utani mwingine umetoka vitani kabisa. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya sana karne ya 19, leo Mhehe akifiwa, Mngoni ndiye anayeingia jikoni kwake na kufanya fujo.

MASANJA: Basi nikasimama mbele ya sufuria la ubwabwa na mwiko mkononi, nikasema hali mtu hapa mpaka nilipwe. Sauti inatetemeka. Vijana wakanivuta pembeni wakaninong'oneza, mzee alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kupiga hodi kwake, na bakora yake ile pale. Wakanivalisha na kofia. Nikaenda hadi mlango wa chumba alichokaa mjane. Nikagonga bakora chini. Nikakohoa, mara mbili. "Hodi humu ndani."

MWANAIDI: Acha niseme mimi, kwa sababu nilikuwa ndani. Mama mkubwa yuko kwenye mkeka, ameanza eda, tangu Jumatano hajala cha maana. Aliposikia ule mkohoo alishtuka. Halafu akacheka. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, halafu ndipo akalia kilio kile ambacho tulikuwa tunakingoja siku zote tatu. Jioni akaomba chai.

MASANJA: Sasa hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo. Mimi sikuichagua ile dhima. Nilivikwa. Mwaka 1936 Ralph Linton, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitenganisha mambo mawili, nafasi na dhima. Nafasi ni kiti chenye haki zake na wajibu wake, dhima ni kile unachokitenda ukishakikalia. Kiti changu Kisarawe kilikuwepo kabla sijazaliwa. Na mwaka 1963 wanasosholojia wawili, Weinstein na Deutschberger, wakaandika juu ya jambo hili hasa, kumvika mwenzako dhima kwa namna unavyomtendea, mpaka anajikuta anaicheza.

MWANAIDI: Kiti ulipewa, sawa. Ule mkohoo je?

MASANJA: Nilifundishwa.

MWANAIDI: Ulifundishwa kukohoa. Kwenda mlangoni kwa mjane hukuambiwa na mtu. Ungeweza kukaa na mwiko wako, ukachukua elfu mbili zako, ukala. Watani wengine wanne walikuwepo pale na wote waliishia kwenye sufuria.

MASANJA: Sikuwaza hivyo.

MWANAIDI: Ndiyo ninayosema mimi, na hapa ndipo mada inapoingia kwenye mambo ya mataifa. Holsti, yule mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa wa Kanada, mwaka 1970 alitoa makala kuhusu sera za nje. Alikusanya kauli za viongozi wa nchi 71, za mwaka 1965 hadi 1967, akauliza: hawa wenyewe wanaionaje kazi ya nchi yao duniani? Akapata aina 17. Kuna wanaojiona mpatanishi, kuna mwandani mtiifu wa mkubwa fulani, kuna daraja, kuna msaidizi wa wakombozi. Alianzia kwa mhusika mwenyewe, anavyojiona.

MASANJA: Na ndiyo maana waliomfuata walimkosoa. Mhusika hachezi peke yake.

MWANAIDI: Twende kwetu basi. Kamati ya Ukombozi, ile ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya kusaidia wapigania uhuru.

MASANJA: Kamati ya Ukombozi na hii kofia, zote zinangoja kukombolewa.

MWANAIDI: Nakupa elfu tatu.

MASANJA: Kofia ya mzee aliyeoa mwaka wa Azimio la Arusha, elfu tatu? Endelea na hoja.

MWANAIDI: Mwaka 1959, hata uhuru bado, Nyerere anasema tunataka kuwasha mwenge tuuweke juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu. Mwaka 1961 ukawekwa kweli. Kamati ya Ukombozi imeletwa Dar mwaka 1963. Dhima ilitangulia kiti, Masanja.

MASANJA: Umeruka 1962. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, imeundwa Dar es Salaam Juni 1962, kabla ya Kamati. Watu wameshafika, wamevuka Ruvuma, wamepiga hodi. Ukishapigiwa hodi na mtu anayekimbia, huna nafasi ya kukaa ukitafakari unajionaje. Jiografia ilituweka mlangoni, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukatukabidhi kazi.

MWANAIDI: Hodi ilipigwa kwa wengi! Desemba 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru kule Rhodesia, mawaziri wa Umoja huo walikaa Addis Ababa wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi ule hadi tarehe 15, wanachama wote wavunje uhusiano nayo. Wote. Matarajio yaleyale, siku ileile. Zilizovunja ni chache tu. Sisi tulivunja, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa ukapotea. Kama dhima inavikwa na wengine, mbona vazi moja liliwakaa hawa na kuwakataa wale?

MASANJA: Kwa sababu viti havikuwa sawa. Zambia ingevunjaje? Shaba yake inapita kwenye reli ya Rhodesia, haina bahari. Kaunda alitaka kuliko hata sisi. Kujiona kwake kulikuwa kuleule, kiti chake hakikumruhusu. Hapo unaona kutaka hakutoshi.

MWANAIDI: Hakutoshi, lakini bila kutaka hakuna kitu.

MASANJA: Kagera je? Julai 1964 pale Cairo, Nyerere mwenyewe ndiye aliyepeleka hoja kwamba mipaka tuliyoirithi iheshimiwe. Oktoba 1978 Amin anaingia Kagera. Tunamtoa. Hapo dhima ya mlinzi wa mipaka imekwisha, ungetegemea tusimame. Lakini kuna Waganda walioko uhamishoni, wana wapiganaji wao, wanasema twendeni nyumbani. Aprili 11, 1979 Kampala imeanguka. Wao ndio waliotuvika dhima ya pili, ya mkombozi wa jirani.

MWANAIDI: Na Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja huo Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wanamlaumu Nyerere mbele ya wakuu wenzake. Wale nao walikuwa wanamvika dhima nyingine, ya mwanachama asiyeingilia jirani. Kwa nini akavaa ya hawa na kukataa ya wale? Mtu akiwa na mavazi mawili mbele yake akavaa moja, hapo amechagua.

MASANJA: Au moja ilikuwa imeshafika mwilini kabla hajaulizwa. Mwanaidi, mimi nilikuwepo Kisarawe. Najua ule mwili unavyonyanyuka kabla ya wewe kuamua.

MWANAIDI: Na mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango. Nilichosikia ni mtu aliyeamua kumfuata mama yangu mkubwa kwenye huzuni yake. Sitakubali uiite hiyo ni kusukumwa.

MASANJA: Nami sitakubali uiite ujasiri wangu. Ni wa Bibi Mwajuma na wale vijana. Nikiuchukua nitakuwa nimewaibia.

MWANAIDI: Basi hapo tumekwama.

MASANJA: Tumekwama. Na kofia haitoki.

MWANAIDI: Elfu tano.

MASANJA: Elfu tano na jogoo.

MWANAIDI: Jogoo wa nini? Unaona sasa, hiyo ya jogoo hakukufundisha mtu!

MASANJA: Mtani hapewi fedha peke yake, wewe ni Mzaramo unajua. Huwezi kutaka utani kisha ukabana gharama.

MWANAIDI: Nilitaka tuongee pia kuhusu kugongana kwa dhima. Kwamba ulikuwa rafiki anayepaswa kulia na mtani asiyeruhusiwa kulia, saa ileile.

MASANJA: Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilipomsikia akilia mle ndani, machozi yalinijia, na yule bibi akaniambia kimyakimya, "Usithubutu." Nikageukia ukutani nikaendelea kugonga bakora.

MWANAIDI: Sikulijua hilo.

MASANJA: Ndiyo nakwambia sasa.

MWANAIDI: ...Haya. Tumebakiza dakika mbili na mambo yangu matatu yote yako hapa kwenye karatasi, hata la kwanza hatujalifikia. La Goffman, yule mwanasosholojia, ndilo linaloniuma zaidi, ila litangoja. Kuna ujumbe, shangazi ameandika asubuhi. Anauliza kama yule Msukuma bado ana kofia.

MASANJA: Mwambie anayo.

MWANAIDI: Anasema mama mkubwa ameagiza isikombolewe kabla ya arobaini. Siku hiyo uje nayo mwenyewe, na ufike mlangoni kama ulivyofika.

MASANJA: Na jogoo?

MWANAIDI: Jogoo ameshafungwa kamba, anasema. Wasikilizaji, wiki ijayo.