Kupanga na Kupangua: Akili na Makundi ya Vitu

Ndugu wasikilizaji, nimekuja na hiki. Ni nini? Kikombe, naam, tena mmejibu kwa sauti moja. Haya, kitanueni kidogo kichwani mwenu. Kitanueni tena. Mkono wake uondoeni. Bado ni kikombe? Huku mbele nasikia "bakuli", kule nyuma wanashikilia kikombe, na yule bwana wa pembeni ameamua kunyamaza.

Mwaka 1973 mwanaisimu Mmarekani William Labov alichapisha jaribio la namna hii hii, yeye kwa michoro. Hakupata mpaka ulio wazi kati ya kikombe na bakuli. Majina yalipokezana polepole. Ila kilichonivutia zaidi ni jambo jingine. Aliwaambia watu wawazie chombo kina kahawa, kisha wawazie kina viazi vilivyopondwa. Mchoro haukubadilika hata nukta, lakini kwenye viazi walioita bakuli waliongezeka. Kumbe jina halitoki kwenye umbo peke yake. Linatoka pia kwenye kazi.

Tumerithi kutoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wazo kwamba kila kundi lina sifa zake za lazima: ukiwa nazo umo, ukikosa moja humo. Kwenye hesabu wazo hilo linatufaa. Kwingine linakwama. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Eleanor Rosch alionyesha kwamba kundi lina kitovu, na wanachama wake wengine hukaa karibu nacho, wengine mbali. Shomoro ni ndege hasa. Pengwini ni ndege wa vyeti. Ukiulizwa kama shomoro ni ndege unajibu papo hapo. Kwa pengwini utasita kidogo, hata kama jibu unalijua.

Sisi wasemaji wa Kiswahili ushahidi tunao mdomoni. Tunasema "kitabu kimeanguka", lakini "kifaru ameanguka". Umbo la neno linamvuta kifaru kwenye KI-VI, uhai wake unamvuta kwenye A-WA, nasi hatuoni tabu kusema "vifaru wamelala". Sasa sikilizeni hili: "kifaru kimeharibika." Hapo hakuna mnyama tena, tunazungumzia mtambo wa vita. Aliyeupa mtambo ule jina hilo hakuunda neno jipya. Alimtoa mnyama kwenye kundi lake, akampeleka kwenye magari, sarufi ikamfuata nyuma. Mimi nikiulizwa ubunifu ni nini, kabla ya kutafuta fasili ndefu huonyesha kifaru.

Maana tunapenda kuuwazia ubunifu kama cheche inayodondoka kutoka hewani. Mara nyingi zaidi ni uhamisho wa kitu kutoka fungu moja hadi jingine, na ugumu wake ni kwamba fungu la zamani halikiachii.

Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker alilieleza hilo katika kitabu cha mwaka 1935. Watu walitakiwa kusimamisha mishumaa mlangoni. Mezani palikuwa na vitu vingi, zikiwemo pini na visanduku vidogo. Dawa yenyewe: bandika kisanduku mlangoni kwa pini, usimamishe mshumaa juu yake. Visanduku vilipokuwa vitupu, watu waliona njia kwa urahisi zaidi. Vilipojazwa vitu, wengi walikwama. Kisanduku kilikuwa kile kile! Lakini kikishakuwa "cha kuwekea vitu", akili haikipi kazi nyingine.

Na hatuzaliwi hivyo. Mwaka 2000 watafiti Tim German na Margaret Defeyter waliwapa watoto tatizo la kufikia rafu ya juu, ambapo sanduku likipinduliwa linakuwa kikanyagio. Watoto wa miaka 6 na 7 walioonyeshwa kwanza sanduku likiwa limebeba vitu walichelewa kulitumia vingine. Wa miaka 5 hawakujali. Msidhani nawasifu watoto kupita kiasi: kujua kitu kimetengenezwa kwa ajili gani ni maarifa, tena yanatuokolea muda kila siku. Gharama yake ndiyo hiyo.

Mmarekani Tony McCaffrey alikuja na mbinu mwaka 2012 ambayo naipenda kwa sababu haitaki kipaji. Kivunje kitu katika sehemu zake, na kila sehemu uiulize: jina nililokupa linataja kazi? Likiitaja, tafuta jina jingine. Chukueni tatizo lake la pete mbili nzito za chuma za kufunganishwa, nawe una mshumaa, kiberiti na kipande cha chuma. Nta haina nguvu ya kuzishika. Mshumaa ni nta na utambi. "Utambi" ni jina la kazi, ni wa kuwaka. Ukiacha kazi hiyo, unabaki na nini? Uzi. Kwangua nta kwa ncha ya chuma, fungia pete.

Kikombe nakiacha hapa mezani. Atakayekitaja bila kutaja kazi yake ndiye atakayeuliza swali la kwanza.