Nicodemus, Kansas: Mji Ulioachwa na Reli

Zuhura: Karibuni wasikilizaji. Kipindi cha leo kinahusu Nicodemus, makazi madogo yaliyoko Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani. Yalianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani, yakakua hadi kuwa na benki na magazeti mawili, kisha yakapungua mwaka hadi mwaka, na sensa ya 2020 ikakuta wakazi 14 tu. Nipo na kaka yangu Baraka, ambaye ameisoma historia ya nyanda zile kwa muda mrefu. Kaka Baraka, tuanzie wapi?

Baraka: Ahsante, dada Zuhura. Tuanzie Kentucky, jimbo walikotoka wengi wa waanzilishi hao, kwa sababu asiyeielewa Kentucky ya wakati ule hawezi kuelewa ni nini kiliwafanya watu wenye familia na watoto wadogo wakubali kuhamia kwenye uwanda wa nyasi usio na miti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865 na utumwa ukapigwa marufuku, lakini aliyekuwa mtumwa alitoka mikono mitupu, bila ardhi wala mtaji, na mara nyingi akaendelea kulima shamba la bwana wake wa zamani kwa mkataba wa kugawana mavuno uliomwacha na deni kila msimu. Kulikuwa pia na makundi ya wazungu wenye silaha yaliyowashambulia usiku. Wakati huohuo, Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 ilikuwa ikimpa mkuu wa familia ekari 160 za ardhi ya serikali huko magharibi, ilimradi alipe ada ya kujiandikisha, ajenge, alime na aishi pale kwa miaka mitano.

Zuhura: Ekari 160 kwa mtu ambaye miaka kumi na miwili iliyopita yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine. Sidhani kama tunahitaji sababu nyingine.

Baraka: Ndiyo kiini chake. Basi mwaka 1877 ikaundwa kampuni ya kuanzisha mji. Rais wake alikuwa mchungaji mweusi, W. H. Smith, na mshirika wake alikuwa W. R. Hill, dalali wa ardhi, mzungu kutoka Indiana. Matangazo yakabandikwa mjini Lexington yakisema kwamba watu weusi wote wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 wanaweza kufanya hivyo kwa dola tano. Hill alipita makanisani akiisifu nchi ile kwa maneno matamu mno, na mimi kwa upande wangu naona kwamba sifa zile zilivuka mpaka wa ukweli, maana waliomwamini walifika na kukuta mji uko kwenye ramani tu.

Zuhura: Tueleze walivyofika.

Baraka: Kundi kubwa la kwanza, watu zaidi ya 300, lilisafiri kwa treni hadi kituo cha Ellis, kisha likatembea kwa miguu kilomita zipatazo 55 hadi kando ya Mto Solomon wa Kusini. Ilikuwa Septemba, msimu wa kupanda umekwisha pita na baridi inakaribia. Miti ya kujengea haikuwepo isipokuwa michache kando ya mto, kwa hiyo walichimba nyumba ndani ya miteremko ya ardhi, wakaziba upande wa mbele kwa mabonge ya udongo yaliyoshikwa na mizizi ya nyasi, na wakatoboa tundu la moshi juu.

Willianna Hickman, ambaye alikuja na mumewe mchungaji mwaka uliofuata, alisimulia uzeeni jinsi wenzake walivyoshangilia kwamba wamefika Nicodemus, naye akatazama huku na huko asione mji wowote. Alipouliza uko wapi, alionyeshwa moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Alilia.

Zuhura: Na baadhi yao walirudi.

Baraka: Walirudi, tena familia nyingi, na sioni haya kusema kwamba hata mimi ningetafakari kurudi. Waliobaki walikuwa na majembe na sepetu, farasi walihesabika kwa vidole, na majira ya baridi yalikuwa makali. Masimulizi ya wazee wa pale yanasema kwamba watu wa Osage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirejea kutoka kuwinda, waliwagawia chakula. Wanaume walikwenda kutafuta vibarua vya reli na mashamba mbali na nyumbani, huku wanawake wakibaki kuchimba, kulima na kulea. Tusiwasahau akina mama hao: Jenny Fletcher alianza kufundisha watoto ndani ya nyumba yake ya udongo, na mumewe, Zachary Fletcher, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa posta.

Zuhura: Sasa tuseme jinsi mji ulivyopanda, kwa sababu mara nyingi habari za Nicodemus zinasimuliwa kana kwamba ulikuwa mji wa mateso tangu mwanzo hadi mwisho.

Baraka: Hapo umesema kweli, na huo ndio upande unaonivutia zaidi. Ndani ya miaka kumi, nyumba za kuchimbwa zilikuwa zimeanza kupisha majengo ya mawe ya chokaa na ya mbao. Familia ya Fletcher ilijenga hoteli, kukawa na maduka ya bidhaa mchanganyiko, duka la dawa, makanisa, benki, timu ya besiboli na bendi ya muziki. Mwaka 1886 likatoka gazeti la Western Cyclone, na mwaka 1887 likafuata Nicodemus Enterprise. Tena siasa: Edward McCabe, aliyehamia pale mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima la Kansas, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda wadhifa wa ngazi ya jimbo huko. Aliyechaguliwa kukagua hesabu za jimbo alitoka kwenye makazi ambayo miaka mitano tu nyuma yalikuwa matundu ya moshi.

Zuhura: Kisha likaja suala la reli.

Baraka: Ndiyo, na hapa naomba tukae kidogo. Katika nyanda zile, mkulima wa ngano asiye na kituo cha treni karibu hulipa gharama kubwa ya kukokota magunia kwa gari la farasi hadi kwenye kituo cha wengine, na mwenye duka hulipia vivyo hivyo kila bidhaa anayoingiza. Kwa hiyo miji midogo ilishindana kuzivutia kampuni za reli. Mwaka 1887 wapiga kura wa Nicodemus walipitisha hatifungani za dola 16,000 kwa ajili ya kampuni ya Missouri Pacific, yaani walikubali kubeba deni ambalo wangelilipa kwa kodi zao wenyewe ili reli iwafikie. Kampuni haikuja. Mwaka 1888, Union Pacific ilitandika reli yake upande wa pili wa mto, kusini-magharibi, kilomita chache tu kutoka pale, na kambi ya wajenzi wake ikageuka kuwa mji wa Bogue. Wafanyabiashara wa Nicodemus walihamia huko, baadhi yao wakabomoa majengo na kuyavusha. Magazeti yakafungwa.

Zuhura: Wewe unasema basi kwamba reli ndiyo iliyoua mji.

Baraka: Nasema ndiyo iliyoupiga pigo ambalo haukuinuka tena, na lililonichoma zaidi ni kwamba uamuzi ulifanyika mbali, na watu ambao hawakuwahi kuonana na wakazi wale.

Zuhura: Mimi nina shaka kidogo, na naomba uniruhusu nizieleze sababu zangu. Bogue yenyewe, iliyopata reli, leo haifiki watu 200. Ukitazama kaunti nyingi za magharibi mwa Kansas, zile zilizokaliwa na wazungu watupu na zenye vituo vya treni, utakuta nazo zimepoteza watu kwa miongo mingi. Ukame wa miaka ya mwisho ya 1880 na ya 1890 uliwafukuza wengi. Miaka ya 1930 ukaja mdororo wa uchumi pamoja na dhoruba za vumbi. Kisha matrekta na mashine za kuvuna zikafanya familia moja iweze kulima eneo lililokuwa likilimwa na familia nyingi, na watoto waliosalia bila kazi wakaenda Denver, Topeka au California. Reli iliondoa benki na maduka, lakini ninavyoona mimi, mashine ndizo zilizoondoa watoto.

Baraka: Nakubali kwamba mji usingebaki mkubwa hata ungepata kituo. Hata hivyo kuna tofauti ya kupungua ukiwa na benki na kupungua ukiwa huna. Mkulima mweusi aliyehitaji mkopo wa mbegu baada ya ukame alilazimika kuuomba kwa watu wasiomfahamu na mara nyingi wasiomtaka, na kila mwaka mbaya ulichukua kipande cha ardhi.

Zuhura: Hilo nalikubali bila ubishi. Tuwaambie wasikilizaji kilichosalia.

Baraka: Mwaka 1939, katikati ya dhiki ile, mpango wa ajira wa serikali ya shirikisho uliwalipa wakazi kujenga ukumbi wa mji kwa mawe ya chokaa, na ukumbi huo umekuwa ukipokea wageni. Posta ilifungwa mwaka 1953. Mwaka 1996, Bunge la Marekani liliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa, likijumuisha majengo matano: hoteli, shule, ukumbi na makanisa mawili.

Ardhi, ingawa si yote, bado iko mikononi mwa vizazi vya waanzilishi. Veryl Switzer, aliyezaliwa pale mwaka 1932 na kuchezea timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay Packers, aliendelea kumiliki shamba huko. Na miaka ya 2000, wakulima weusi wa Kansas wenye mizizi Nicodemus walijaribu kulima tefu, nafaka ya Ethiopia, kwa sababu inastahimili ukame na ilikuwa na wanunuzi miongoni mwa Wahabeshi walioko Marekani.

Zuhura: Vilevile kuna sherehe, ambayo awali ilifanyika tarehe 1 Agosti kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834. Siku hizi inaitwa siku ya kurudi nyumbani na huangukia mwishoni mwa Julai, ambapo mamia ya wajukuu na vitukuu hufika kutoka majimbo mbalimbali na kulala kwa ndugu, kwenye mahema au katika miji jirani.

Baraka: Tunao wasikilizaji wa Kiswahili walioko Wichita na Kansas City, wengi wao kutoka Kongo. Kijiji kiko kando ya barabara kuu namba 24, na wenyeji huwapokea wageni kwenye sherehe hiyo. Nendeni na watoto wenu, mkawasikilize wazee wakiwa bado wapo.